Yaya wa Spring Valley na Barua ya Kiingereza Tu Nyumbani

(Imesomwa na Nzisa, katibu wa Umoja wa Yaya wa Spring Valley, Siku ya Walezi, mbele ya Bi. Wanjugu, mwenyekiti wa bodi ya shule.)

Mgeni rasmi Bi. Wanjugu, mwalimu mkuu, wazazi, na watoto wetu mlioketi hapo mbele na soksi tulizofua jana:

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tunashukuru kupewa dakika tano baada ya keki. Mwaka jana siku kama hii tulisubiri nje ya lango tukiwa tumebeba mabegi, kwa hiyo tunakiri kwamba maendeleo ni makubwa.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulianzishwa miaka sita iliyopita na yaya wanne waliokuwa wakikutana uwanja wa Jamhuri kila Jumapili baada ya ibada. Leo tuko ishirini na wawili. Kazi yetu ni kulea. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuongea na mtoto ni kumfundisha. Sisi tuliongea tu. Mtoto akiuliza mbona kitunguu kinaliza watu na kabichi hailizi, tulijibu tulivyojua, kwa Kiswahili, Kikamba au Kikuyu, na yeye akauliza tena.

BARUA, NA YALIYOMPATA KASIVA

Januari mwaka huu shule ilituma barua yenye sahihi yako, mgeni rasmi. Ilisema kwamba lugha mbili humvuruga mtoto akili, na kwamba nyumbani kuongewe Kiingereza tu. Karatasi yake ilikuwa nzuri sana. Mwenzetu Kasiva, aliyeketi safu ya nyuma, ameturuhusu tueleze kilichofuata.

Kasiva amemlea Debra tangu akiwa na siku arobaini. Mama Debra aliibandika barua kwenye friji.

"Kasiva, kuanzia leo ni Kiingereza tu. Tumeelewana?"

"Sawa, Mama Debra."

"Sema *yes*."

"Yes."

Kasiva ni mtu wa kushika neno. Alikuwa na maneno mengine matano ya Kiingereza: *come, eat, no, sorry* na *finish*. Akayatumia yote, kila siku, kwa uaminifu. Hadithi zikakoma. Swali la kitunguu likajibiwa *sorry*. Kufikia Aprili, Debra, mtoto wa miaka minne aliyekuwa akiongea hata na sufuria, alibaki na neno moja. Uji ukiisha, *finish*. Baba akienda kazini, *finish*. Kasiva alikuwa akiingia stoo analia, kisha anatoka na ufagio ili aonekane alikuwa na shughuli.

Shule ikaandika kwamba mtoto anafikiri polepole. Akapelekwa kwa daktari wa watoto mjini, Kasiva akifuata na begi. Daktari alimwonyesha Debra picha, mtoto kimya. Akampangia vibao mezani ahesabu, kimya. Mtoto alikuwa akimtazama Kasiva tu.

"Kasiva, toka nje," Mama Debra akasema. "Unamharibia."

Kasiva akatoka. Debra akaruka kitini, akamkimbilia kwenye korido na kumshika sketi.

"Kasiva, ile mbuzi ya kwa picha iko na masikio ya punda! Na daktari ameficha kibao ingine chini ya karatasi, anadhani sijaona. Nimehesabu, ziko saba."

Kasiva aliangalia huku na huku kama mwizi. Barua ilisema Kiingereza tu. Lakini mtoto alikuwa amesubiri miezi mitatu, naye pia. Akachutama na kumuuliza kwa Kikamba kama ana hakika ni saba. Debra akasema hakika kabisa.

Daktari alikuwa mlangoni. Alirudi kuinua karatasi. Pamoja na kile kilichofichwa, vilikuwa saba.

Siku hiyo Debra aliongea saa nzima. Daktari akamwambia mama yake, "Mtoto wako hana ugonjwa. Amekosa mtu wa kuongea naye. Mwacheni afikiri kwa lugha alizonazo, Kiingereza kitapata mahali pa kukaa."

Ndani ya gari Mama Debra hakuwasha injini. "Kasiva, mimi nilidhani namsaidia."

"Na mimi nilidhani natii, Mama Debra."

Walipofika nyumbani, barua ilitoka kwenye friji.

MAFANIKIO

Kufikia Septemba, Debra alikuwa akieleza darasani kwa Kiingereza mambo aliyoyawaza jikoni kwa Kikamba. Mwalimu alimpigia mama yake simu kuuliza ni tuisheni gani. Tunaipongeza pia shule kwa bango jipya la langoni, lenye picha ya Debra na maneno kwamba Kiingereza chenu kimemfundisha kufikiri. Kasiva amekatwa kwenye picha hiyo, ila vidole vyake vinaonekana begani mwa mtoto.

CHANGAMOTO NA MAOMBI

Nyumba kumi na saba bado zina ile barua. Tunaomba ya pili, na karatasi ileile itafaa. Tunaomba pia mwalimu akitaka kujua mtoto anafikiri nini, atuulize. Huwa tuko langoni saa saba unusu kila siku.

Ombi la mwisho halikupitia kwenye kamati. Ni la msomaji wa risala hii, ambaye, kama unavyojua, ni yaya wa nyumbani kwako. Ijumaa iliyopita ulirudi kutoka mkutanoni, mjukuu wako Dan akakukimbilia mlangoni na kuanza kusema kitu. Ukamwambia, "*English, please*." Akafunga mdomo, akaenda kukaa chini ya meza. Ulimuuliza msomaji mtoto alitaka nini, naye akaogopa kukujibu. Leo ana kipaza sauti.

Alikuwa anakuuliza, "Shosho, umechoka?"

Mungu akupe afya, mgeni rasmi, awape walimu subira, na kila mtoto aliye hapa ampe mtu wa kumjibu.

Ni sisi, Umoja wa Yaya wa Spring Valley.