Hakuanguka kwa Kabaza: Maisha ya Marehemu Kiza Floribert

Bandugu, jamaa, majirani wa Katubza hapa kambini, na ninyi mliotoka Area 23 na Tsoka kuja kumsindikiza: tuketi kidogo, maana maisha ya mtu hayasikilizwi kwa miguu. Na ninyi vijana wa kabaza, mnaobeba abiria kwa baiskeli, mlioziegemeza kwenye ukuta wa kanisa, msikae mbali hivyo. Kuna neno lenu humu ndani, na marehemu mwenyewe ndiye aliyetuagiza tuliseme.

Marehemu Kiza Floribert alizaliwa tarehe 3 Machi 1976 huko Kindu, mtaa wa Mikelenge, katika jimbo la Maniema, Congo. Aliwafuata mapacha, ndiyo maana akaitwa Kiza. Baba yake, Mzee Sadiki, alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa kikundi cha kutengeneza njia ya reli, na mama yake, Mama Fidès, aliuza chikwangue, ule mkate wa muhogo, pale stesheni. Mama huyo alikuwa akisema kwamba huyu mtoto alijua mlio wa gari moshi kabla hajajua jina lake mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi Kindu akamaliza mwaka 1989, kisha akaingia sekondari. Hakufika mbali. Mwaka wa pili mishahara ya reli ilikatika, karo ikakosekana, naye akamfuata baba yake kazini. Lakini shuleni aliacha kisa ambacho wenzake walikicheka mpaka ukubwani. Siku moja mwalimu aliwaamuru watoto wahamishe kabati la darasa. Likagoma. Kiza akasimama mbele, akapaza sauti kama alivyomsikia baba yake: “Ni ya nani?” Wenzake hawakujua la kujibu, akawafundisha hapo hapo: “Ni yetu!” Kwenye lile neno “yetu” kila mtu anainua, wote kwa mara moja. Kabati likatoka mlangoni kama si zito. Mwalimu akamwambia, wewe utakuwa kapita au padri, chagua.

Akawa mtu wa reli. Kwa Mzee Sadiki alijifunza kwamba chuma cha reli hakibebwi kwa nguvu, kinabebwa kwa sauti. Watu wamejipanga huku na huku na makoleo yao, mmoja anaita, wengine wanajibu, na hakuna anayeinua kabla ya mwenzake. Alijifunza pia kile ambacho watu wa reli wa Kindu walikuwa wakifanya mmoja wao akiumia. Kazi inasimama. Kapita anaitwa. Aliyeumia, kama bado anaweza kusema, anasema palepale mbele ya wote ni chuma gani, kimemwangukia vipi, nani alikuwa wapi, na hao wote wanakuwa mashahidi wake. Akifika kwa daktari anarudia maneno yaleyale. Mzee Sadiki alikuwa akisema kwamba mguu una daktari mmoja tu, na huyo daktari ni ukweli wa siku ya kwanza.

Vita vilimtoa Kindu mwaka 1998. Alipita Kalemie, akavuka ziwa, akakaa Tanzania, na tarehe 20 Agosti 2003 akapokewa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Hapa hakukuwa na reli. Alibeba mizigo sokoni Tsoka, alijenga nyumba za matofali, alichimba vyoo. Hata hivyo hakuna aliyebeba kitu kizito mbele ya Kiza bila kuitiwa. Gunia la mahindi, bati, kitanda cha bibi harusi, yote aliyaulizia: “Ni ya nani?” Majirani walimtania wakisema kwamba Kiza akipewa sahani ya nsima nayo ataiitia kwanza.

Tarehe 12 Septemba 2009 alifunga ndoa na Mukakarangwa, binti wa Kinyarwanda aliyekua Congo, aliyemkuta akiuza nyanya katika soko la kambi. Wakwe walisita, maana kijana hakuwa na kitu. Siku ya kupeleka mahari alikuta wajomba wa binti wanahangaika na jiwe kubwa la kusagia, halipiti mlangoni. Akavua koti, akawaitia, jiwe likapita. Mjomba mkubwa akasema, huyu tumpe, hata kwa kuhama atatufaa. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza Izere. Waliishi Area 23 mjini Lilongwe mpaka mwaka 2023, serikali ilipotuamuru wakimbizi sote turudi kambini.

Sasa tunafika pale ambapo yeye mwenyewe alitaka tufike polepole.

Katikati ya mwaka 2024, mkandarasi mmoja aliyekuwa akitengeneza kipande cha reli nje ya Lilongwe alichukua vibarua. Kiza alisikia, na mke wake anasema hakumwona akila vizuri mpaka alipopata nafasi ile. Alienda na wenzake kadhaa wa hapa kambini, mmoja wao Chabani, ndugu yetu wa Kindu, ambaye leo ameturuhusu tumtaje. Wengine hatuwataji. Mnajua kwa nini: mtu wa kambi hakuwa na ruhusa ya kufanya kazi ile.

Kapita wa pale hakuwa mtu mbaya. Aliwachukua akijua wametoka wapi. Ila aliwaomba jambo moja, kwamba wasiimbe. Alisema wakubwa wanapita na magari, na wakisikia Kiswahili kinaitwa kwenye reli watajua hawa ni wa Dzaleka, na wote watafukuzwa, na yeye wa kwanza. Kiza alikataa. Alimwambia, “Bwana kapita, chuma bila sauti kinaua batu.” Kapita akamjibu kwamba basi wahesabu kimoyomoyo. Wakahesabu kimoyomoyo. Miezi ikapita.

Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, asubuhi, walikuwa wakiinua chuma kukipeleka juu ya mataruma mapya. Kila mtu alihesabu kwa moyo wake. Upande wa mbele ukainuka, wa nyuma bado. Chuma kikapinda, koleo likachomoka, na mguu wa kushoto wa Kiza ukabaki chini, juu ya kokoto.

Alijua la kufanya kuliko wote waliokuwa pale. Chabani anasema alifumbua mdomo kulisema, akaangalia nyuso zao, akaufunga. Wakampakia kwenye kabaza mpaka barabarani. Njiani Chabani alimsihi amwambie daktari kweli, akamwambia yeye atakuwa shahidi. Kiza akamjibu, “Chabani, mi nikisema ni kazi, kesho bale bote banafukuzwa. We iko na batoto batano. Wacha niseme ni kabaza.”

Hili la kabaza si yeye aliyelianza. Wengi wetu hapa tukiumia huko nje kwa kazi tusizoruhusiwa, tunasema tumeanguka kwa baiskeli. Limekuwa desturi yetu. Mukakarangwa alipofika hospitalini akamkuta anamweleza daktari jinsi kabaza iliyombeba ilivyoteleza kwenye mteremko, akamuuliza kwa sauti ya chini, “Kabaza gani, papa Izere?” Akamfinya mkono anyamaze. Daktari alimtibu mguu kwa jinsi alivyoambiwa. Kidonda kilikuwa kidogo kwa nje. Wakaunganisha mfupa, wakamfunga plasta, wakamtuma nyumbani.

Wiki ile, vijana wa kabaza mlikuja nyumbani kwake. Mlisikia mmoja wenu kamwangusha mzee. Mliuliza ni nani, mkamwomba radhi kwa niaba ya wote, mkaacha mafuta na chumvi, na tangu hapo mkambeba kwenda zahanati bila kumdai. Kiza aliipokea ile radhi ameinamisha kichwa. Alimwambia mke wake kwamba mguu unamuuma, lakini yale mafuta yanamuuma zaidi.

Ndani ya plasta mfupa ulikuwa unaoza. Kutu na uchafu wa reli vilikuwa vimeingia ndani sana, na hakuna aliyejua pa kuvitafuta. Mwezi wa pili mwaka 2025 alirudi hospitalini akasema kweli yote. Daktari akasema kwamba wangejua, siku ile ya kwanza wangeupasua na kuuosha. Kiza na mkewe wakaenda mjini kwenye ofisi ya mambo ya kazi. Mtumishi wa pale aliwapokea kwa heshima. Aliuliza kapita ni nani, yuko wapi, na nani alishuhudia. Kazi ilikuwa imekwisha, kambi ya mkandarasi imevunjwa, kapita hajulikani alikoenda. Chabani alikuwa nje anangoja kuitwa, na Kiza hakumwita. Mtumishi akasema kwa Kichewa, “Pepani, bambo,” yaani pole, bwana. Ndiyo yalikuwa majibu.

Mwezi wa saba mguu ulikatwa. Haikutosha. Miezi yake ya mwisho aliikaa mlangoni, na kila kijana aliyepita akielekea kutafuta kibarua mjini alimsimamisha. Alimwambia: ukiumia, usikubali kazi iendelee kama hakuna kitu. Mwite mkubwa aone. Sema mbele ya wenzako, na uwaombe wasisahau. Nenda kwa daktari siku ileile, mwambie ulikuwa unabeba nini. Usiweke alama ya kidole kwenye karatasi yoyote watakayokuletea siku ya maumivu. Wengine walimsikiliza. Wengine walimuuliza, mzee, na mtu wa kambi afanye vipi? Mpaka anakufa hakupata jibu la swali lile, na sisi hatunalo.

Alilala Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, alfajiri, nyumbani kwake, mke wake akiwa kando. Siku chache kabla alimwita Chabani akamwambia, “Siku yangu, museme vile ilikuwa. Bale batoto ba kabaza bajue si bo.”

Basi tunasema. Marehemu Kiza Floribert hakuanguka kwa kabaza. Alipondwa na chuma cha reli, kazini, asubuhi, mbele ya watu. Vijana, hakuna hata mmoja wenu aliyemwangusha. Mlimbeba tu.

Ameacha mjane, Mukakarangwa, na watoto watatu: Izere, Ketsia na Akeza. Ameacha dada yake Sifa huko Kindu, ambaye habari tumempa kwa simu, na rafiki yake Chabani. Wazazi wake na wale mapacha walimtangulia.

Tutakapomwinua tutamwitia kwa sauti, kwa Kiswahili, wala hatutahesabu kimoyomoyo. Chabani atauliza, “Ni ya nani?” Ninyi nyote mnalijua jibu. Tuinuke pamoja, asipatikane wa kuchelewa.

Kiza, pumzika, mguu hauumi tena. Mungu akupe amani ambayo hapa hatukuweza kukupa.