Fundi Pua na Boya la Shaba

Ndugu waombolezaji, majirani na mafundi wenzetu, historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, aliyefanya naye kazi katika karakana moja kwa miaka thelathini na mmoja, na mnaombwa kwa heshima msikilize hadi mwisho, kwa sababu tangu wiki iliyopita mtaani panasemwa kwamba fundi mkubwa kama yule ameuawa na uzembe wake mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magunia, akiwa mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, ambako mwalimu wake wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu anauliza zaidi ya anavyojibu.

Tarehe 5 Januari 1976 aliingia karakana ya mjomba wake kujifunza ufundi, na tarehe 4 Machi 1985 akafungua yake, ukumbi mmoja wa mabati kando ya reli, wenye shimo la kukagulia magari na meza moja ya mbao iliyolowa oili. Jina la Fundi Pua alipewa na wateja, maana alikuwa akilizunguka gari mara moja, mikono nyuma, boneti ikiwa bado imefungwa, kisha anakwambia petroli inavuja kwenye bomba, kwenye tangi au kwenye kabureta, na wenye magari ya kizamani, ambao tunawajua wanavyoyapenda kuliko wake zao, walimletea kutoka mbali.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na muuza vitambaa, aliyekubali kwa sharti kwamba ovaroli lisiingie chumbani, sharti lililovunjwa wiki ya kwanza, wakajaliwa watoto watatu, muuguzi aliyezaliwa mwaka 1989, mwalimu wa mwaka 1992 na fundi umeme wa mwaka 1996, pamoja na wajukuu wanne.

Februari 2021 marehemu aliugua homa kali, akalala wiki tatu, akainuka mzima isipokuwa pua, ambayo ilikufa kabisa, na mkewe aligundua siku alipokuta sufuria imeungua hadi kuwa mkaa huku mumewe ameketi hatua mbili kutoka jikoni akisoma gazeti. Aliwaapisha watu wawili tu, mkewe na mdogo wake, wasiseme, kwani nani angemletea gari Fundi Pua asiye na pua? Tangu hapo mdogo wake ndiye aliyemnusia, na kila kitu kilichokuwa kinaelekea kwenye moto kilipitia kwake kwanza.

Jumatatu tarehe 3 Juni mwaka huu, 2024, mwalimu mstaafu alileta gari lake la mwaka 1967, ambalo kabureta yake ilikuwa ikifurika petroli kila injini ikizimwa, na mafundi wawili walikuwa wameshabadilisha gasketi na sindano bila mafanikio. Marehemu hakubadilisha kitu, alifungua bakuli la kabureta, akatoa boya, kile kikopo kidogo cha shaba kinachoelea na kufunga petroli bakuli likijaa, akalitikisa sikioni, akasikia petroli ikicheza ndani, akacheka akasema, "Mgonjwa kanywa maji, ataeleaje?" Akalizamisha katika maji ya moto, vipovu vikatoka kwenye mshono, akatoboa tundu la pili ili hewa iingie, akamwaga petroli yote, akaliacha likauke hadi kesho yake.

Jumanne saa nne asubuhi, chuma cha kulehemu cha kuzibia matundu yale kikiwa tayari kimepata moto, alimpa mdogo wake boya lile akamwambia, "Nusa." Mdogo wake alikuwa na simu sikioni, akibishana na muuza vipuri, akalipokea, akaligeuza mkononi, akalirudisha akisema, "Kavu, kaka, choma." Hakulinusa. Mvuke uliobaki ndani ulilipuka, moto ukarukia beseni la petroli la kuoshea vipuri, na marehemu akaungua uso, kifua na mikono yote miwili.

Alilazwa siku kumi na moja, na kila aliyekuja kumwona, hata mkaguzi wa ajali, marehemu alimwambia kwa sauti ile iliyombakia kwamba alifanya haraka mwenyewe, na mdogo wake alisimama miguuni mwa kitanda, akanyamaza. Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 15 Juni, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, miezi kumi na siku moja.

Jana jioni mjane alisomewa historia hii, akanyanyuka, akaingia chumbani akafunga mlango, na leo asubuhi amemwambia shemeji yake jambo moja tu, asome yote na asipunguze hata mstari. Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga ndiye aliyesimama mbele yenu, na haombi mumwonee huruma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya majeraha ya moto, waliombadilishia bandeji wakimwomba radhi kila mara, majirani waliozima moto kwa mchanga na ndoo, mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo, pamoja na mwalimu mstaafu, ambaye amekuwa akijilaumu, na anaombwa aache.

Lala kwa amani, kaka. Kosa halikuwa lako.