Chupa Mbili za Mama Hildegardi

Tarehe 30 Juni, Muuguzi Hildegardi Kapinga anavua gauni la kijani la chumba cha upasuaji baada ya miaka thelathini na sita ya kazi. Hapa hospitalini tunamwita Mama Chupa. Wageni hudhani ni mlevi, kumbe hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha.

Mzaliwa huyu wa Maguu alianzia kwenye zahanati moja ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako wagonjwa walimshukuru kwa usipa, dagaa wa ziwa hilo, mpaka akauchoka. Alipohamia kwetu Mbinga alikuja na sheria moja: nyama yoyote iliyokatwa mwilini mwa mtu, hata ionekane safi namna gani, kipande chake kitiwe kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuoza, kiandikwe jina na upande, kiende maabara. Jamaa wanaosubiri mlangoni ili wakaizike nyumbani wangoje kwanza. Madaktari walimtania. Chupa zilipoadimika, aliomba za asali kwa masista, akazichemsha.

Mwaka 2022 ikawa zamu yake kulala mezani. Matiti yalikuwa mazito, mabega na mgongo vikimtesa, akakubali yapunguzwe na daktari bingwa aliyetutembelea. Hakuwa na uvimbe wowote. Mimi, Vitalia, niliyefundishwa naye, ndiye niliyesimamia vifaa, na mimi huyohuyo ndiye niliyesahau chupa. Kaka yake, Mzee Kilian, alikuwa mlangoni na kikapu. Niliona aibu kumngojesha mtu mzima kwa ajili ya mafuta tu, nikamkabidhi mifuko miwili niliyoiandika kulia na kushoto. Akaondoka nayo kwenda Maguu.

Mama alipozinduka, ulimi bado mzito, jambo la kwanza aliuliza chupa ziko wapi. Nilitamani ardhi inimeze. Hakunigombeza, alinitazama tu, kisha akaagiza gari.

Mimi na dereva Joakim tulifika Maguu saa kumi alasiri, tukamkuta Mzee Kilian akisawazisha udongo kati ya mibuni. Hebu fikiria kumwamkia mzee shikamoo, halafu kumwomba afukue alichozika muda si mrefu! Alisema tangu azaliwe hajaona balaa kama hilo. Lakini alishika jembe. Mifuko ilitoka ya baridi, haijapasuka, maandishi yakisomeka.

Vipande vikaingia chupani, vikaenda maabara, na majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Kulia, salama. Kushoto, saratani changa, bado imejificha ndani ya mirija ya maziwa. Daktari aliisoma karatasi mara mbili. Mpaka leo sijasahau: kwa aibu yangu ya dakika moja, jibu lile lilikuwa limelala chini ya mbuni. Nilitoka nje kulia, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyenifuata kunibembeleza.

Alifanyiwa upasuaji wa pili, akapata tiba ya mionzi, akarudi kazini. Vipimo vya mwaka huu ni safi.

Mama, asante kwa kila kitu, hata kwa yale macho. Nenda ukapalilie kahawa yako, uishi kwa afya na amani miaka mingi. Funguo za kabati la chupa umenikabidhi mimi, jambo lililowashangaza wengi, na mimi kuliko wote. Jumatatu tuna mgonjwa wa kwanza bila wewe. Chupa zake nimeshaziandika.