Zachariah Ouma na Nyumba Iliyomngoja Miaka Minane

Mchungaji, wazee, ndugu zetu kutoka Siaya na Busia, majirani wa hapa Eldoret, mimi ni Hulda Aketch, kifungua mimba wa marehemu. Kuna wazee waliopendelea historia hii isomwe na mwanamume, lakini baba alisema akiwa hai kwamba nitasoma mimi, na nyinyi mnajua kubishana na baba ilikuwa kazi bure.

Marehemu Zachariah Ouma alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 huko Alego, Siaya, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nane mwaka wa 1951, akaja Eldoret mwaka wa 1953 kwa mjomba wake aliyefanya kazi ya reli, akajifunza upigaji picha kwa Mhindi mmoja, na tarehe 1 Juni 1964 akafungua studio yake mwenyewe, na wengi wenu mlioketi hapa, picha ya kitambulisho chenu aliipiga yeye, akawakataza kucheka.

Jumamosi tarehe 20 Desemba 1958 alifunga ndoa kanisani, Busia, na mama yetu Benta Nabwire, wakajaliwa watoto wanne, ambao wote mnawaona hapa mbele, na wajukuu saba.

Mwezi wa Agosti 1981, akinyoa ndevu, baba alipata uvimbe shingoni, ukakatwa kipande kikapimwa Nairobi, na tarehe 29 Septemba tukaambiwa ni limfoma, saratani ya tezi, ile inayoanzia kwenye seli za kinga zenyewe, wale askari wa mwili. Alitibiwa Nairobi kwa dawa za dripu miezi sita, nywele zikaisha, akavaa kofia na kuendelea kupiga watu picha. Uvimbe wa shingo uliisha, lakini picha ya kifua ya tarehe 19 Aprili 1982 ilionyesha kivuli bado kimekaa katikati ya mapafu, na aliyeisoma akasema ugonjwa haujaondoka.

Hapo ndipo watu wetu walipomzika baba. Kwetu mwanamume mzima hazikwi nyumbani kama hana nyumba yake pale, na baba, kwa miaka yote ya Eldoret, alikuwa hajajenga. Baba mdogo Johnstone Ondiek, ndugu yake wa kumfuata, ambaye ameketi pale na ananiangalia, aliita ukoo, wakakata miti, wakakandika, wakaezeka mabati, nyumba ya vyumba viwili ikasimama kufikia Juni, na mlango wakauweka mpana kuliko milango yote ya boma, ili jeneza lipite bila kuinamishwa. Kisha wakaja kumchukua, wakamwambia afunge studio arudi nyumbani angali anatembea, kwa sababu safari za Nairobi na baridi ya Timboroa njiani zinammaliza bure.

Baba aliwapa chai, akawauliza kama nyumba ni nzuri, wakasema ni nzuri, akawaambia basi waifunge vizuri panya wasiingie, yeye hana haraka. Mama naye akasema yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na kivuli cha kwenye picha.

Daktari Wepukhulu wa Nairobi ndiye aliyewaeleza wazazi wetu, na ninayarudia maneno yake kwa sababu bado kuna watu mjini hapa wanaozikwa kwa picha. Alisema picha inaonyesha umati, haionyeshi nani ni nani. Mwizi akikamatwa sokoni watu humzunguka, na ukiwaangalia kutoka ghorofani utasema soko limejaa wezi, kumbe mwizi ni mmoja na wengine wote ni majirani. Katika ugonjwa wa aina ya baba, sehemu kubwa ya uvimbe ni seli za kinga zilizokusanyika, zile mbaya ni chache katikati yao, na hata hizo zikiuawa, kovu linaweza kubaki na kivuli chake. Hakumdanganya, alisema pia mwizi anaweza kuwa bado yumo, na njia ya kujua ni kungoja na kupiga picha nyingine, kivuli kikikua ni ugonjwa.

Picha hiyo ilikuwa iwe Jumatatu tarehe 2 Agosti 1982, wiki ya lile jaribio la kupindua serikali, nchi ikiwa na mambo yake, kwa hivyo tulingoja mpaka tarehe 23, na mimi sijawahi kuogopa vile. Kivuli kilikuwa kimepungua.

Tarehe 24 Desemba 1982 baba alifika Siaya, akapita ule mlango kwa miguu yake, na kwa kuwa ulikuwa mpana, akapitisha kitanda, kabati na meza kubwa bila kuvifungua misumari. Krismasi nane alilala humo. Mwaka wa 1988, siku ya mlolongo, kura ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, alisimama nyuma ya mtu aliyekuwa na watu wachache, chifu akimtazama, na alipoulizwa kama haogopi, alisema yeye alishazikwa mara moja.

Alhamisi tarehe 9 Agosti 1990, akiwa studio, presha ilimpanda akaanguka, akafariki siku hiyohiyo hospitalini, akiwa na miaka hamsini na sita. Madaktari walituhakikishia kwamba saratani ya tezi haikurudi. Limfoma haikumuua baba, na yeyote atakayesema ilimuua kwenye matanga aje aniambie mimi.

Tunawashukuru Daktari Wepukhulu na wauguzi wote, majirani waliopika na kukesha nasi, wapiga picha wenzake waliofunga studio zao leo, na wewe pia, baba mdogo, kwa kuwa ulijenga vizuri, mabati yameshika kutu lakini hayajavuja.

Kesho tunampeleka. Mlango wenu utatumika mlivyokusudia, lakini jeneza litangoja kidogo uani, kwa sababu kwanza itabidi tutoe meza, kabati, viti vya wageni, baiskeli za wajukuu na picha zilizojaa ukutani. Pumzika sasa, baba, kwa amani yako, na kwa wakati wako.