Kaka Primus na Vitabu vya Makanisa Mawili

Baba Paroko, Mchungaji, wakwe zetu mliotoka Marangu, majirani wa Moshi mjini, nanyi nyote mliobeba msiba huu pamoja nasi, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wenzetu Walutheri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Jovin Kavishe, mdogo wake marehemu, na niliyokuwa nimejiandaa kuisoma leo ni hotuba ya harusi, kwa hiyo mnivumilie.

Kaka yetu, Primus Sylvanus Kavishe, alizaliwa tarehe 12 Machi 1971 hapa hapa Mkuu, Rombo, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Sylvanus, katekista wa kigango chetu, na mama yetu Salvina, ambaye mnamwona amekaa pale. Alisoma shule ya msingi hapa Mkuu kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akasoma sekondari Moshi hadi 1989, kisha akajifunza ufundi wa mitambo, na mwaka 1993 akaajiriwa katika kiwanda cha sukari kule tambarare, alikofanya kazi hadi siku aliyotutoka.

Mwaka 1998 alianza maisha Moshi mjini na Evaline, binti wa Mzee Elisifa Mlay wa Marangu, mzee wa usharika wa Kilutheri, wakajaliwa watoto wawili, Doris, aliyezaliwa 1999, na Given, aliyezaliwa 2003. Kubariki ndoa hawakuweza, kwa sababu Baba alisema mwanawe hatafunga ndoa nje ya Kanisa Katoliki, na Mzee Elisifa akasema binti yake haingii kwa padre, na wazee hao wawili mnawajua, ukimwomba mmoja asogee hatua moja, anakaa chini kabisa.

Ndipo kaka akaanza mambo ya vitabu. Alisema watu wanabishania mambo wasiyoyasoma, akakusanya kila chapisho la Kikristo alilolipata, katekisimu zilizochanika, vijitabu vya novena, mahubiri ya karatasi moja moja, nyimbo za kwaya zilizotolewa fotokopi, akavijalidi mwenyewe sebuleni kwa sindano ya magunia, uzi wa fundi viatu, gundi ya seremala na mabaki ya vitenge vya Evaline, akavikandamiza chini ya mawe mpaka vikauke. Maktaba ikajaa ukuta mzima, tukamtania kwamba mgeni akija itabidi akalie katekisimu. Safari moja alizijalidi katekisimu ya Kikatoliki na ya Kilutheri ndani ya jalada moja, Baba akaichukua akidhani ni yetu, akasoma huku akitikisa kichwa kwa kuridhika, hadi akagundua kwamba ameshavuka mpaka na kuingia ya Walutheri tangu kurasa nyingi nyuma, akaamuru zitenganishwe siku hiyo hiyo. Baba alifariki mwaka 2019 bila kulegeza msimamo.

Mwaka 2022, kitabu cha nyimbo za Kichagga ambacho Mzee Elisifa aliachiwa na mama yake kilichakaa hadi kurasa zikadondoka, na Doris akakileta kwa baba yake kitengenezwe. Baadhi ya kurasa hazikuwepo, hivyo kaka akawa anapanda Marangu Jumapili baada ya Jumapili, akiwauliza kina mama wazee wa kwaya, nao wakamwimbia beti zilizopotea, akaziandika kwa mkono na kuzishonea mahali pake. Mzee Elisifa alipokipokea alishuka Moshi, akaingia nyumba ya binti yake kwa mara ya kwanza, akala, na kabla ya kuaga akasema ndoa ibarikiwe kwa padre, mradi mchungaji awepo. Kibali cha Kanisa kilipatikana, na siku ikapangwa, Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024.

Jamani, ni leo.

Kaka hakuugua. Jumanne tarehe 13 alirudi kutoka kazini akiwa mzima, akajaribu suti, akaketi kushona vijitabu vya ibada ya ndoa, Evaline akaenda jikoni kuchemsha chai, aliporudi akamkuta ameinamia meza. Tulimkimbiza hospitali, madaktari wakatuambia kwamba ni moyo, na kwamba tumefika naye akiwa ameshafariki. Mimi sielewi hadi sasa. Turubai hili lilikodiwa kwa harusi, mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyoko nyuma ya nyumba ilipikwa kwa harusi, na suti hii niliyovaa mnaijua ni ya nini.

Jana katika kikao cha ukoo liliulizwa swali, kama Evaline atajwe kuwa mjane wakati ndoa haikubarikiwa. Aliyejibu ni Mzee Elisifa, ambaye si wa ukoo wetu wala wa kanisa letu, alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akasema kwamba yeye ni mmoja wa waliowachelewesha watoto hawa, kwa hiyo kama kuna mtu wa kunyimwa nafasi kaburini, anyimwe yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani wa Moshi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, jumuiya yetu na usharika wa Marangu, pamoja nanyi mlioalikwa harusini mkafika hivyo hivyo, na zawadi zenu mikononi.

Shada la kwanza litawekwa na mke wake, Evaline.

Kaka Primus, bwana harusi wetu, pumzika.