Mama Uliza Anastaafu, Meza Haing'oki

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Uliza atarudisha funguo za maktaba yetu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Kamati ilitaka wasifu huu uandikwe na mtu aliyesoma. Nimekataa. Mimi ndiye seremala wa jengo hili, hakuna mlango humu ambao haukupita mikononi mwangu, na meza aliyoikalia miaka kumi na miwili ya mwisho niliitengeneza mimi. Naandika kwa kidole kimoja, lakini kidole chenyewe kinajua kinachosema.

Alianza kwa kupanga vitabu rafuni, akapanda hadi kaunta ya kuazimisha. Mtandao ulipoingia, akaomba kona ya dirishani karibu na ngazi, awasaidie watu kuandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza habari au kusahihisha. Jina la Mama Uliza alipewa na wageni. Kila aliyesimama mlangoni akijikuna kichwa, yeye alimwambia neno hilohilo moja: uliza.

Na hakutaka kunong'onezwa. Fundi cherehani mmoja alimwinamia sikioni, kumuuliza kama mtu asiye na cheti anaruhusiwa kuandika kuhusu vifungo vya nguo. Mama Uliza akajibu kwa sauti ya kusikika ghorofani, "Dada, mimi nina masikio mawili tu. Liandike kwenye Ukumbi wa Maswali. Swali lako lina wenzake." Ukumbi huo ni ukurasa wa humohumo kwenye kamusi, wageni wanauliza na wenyeji wanajibu. Akaliandika. Kabla hajasimama alikuwa na majibu manne, na watu wawili wakamshukuru, maana swali walikuwa nalo ila waliona haya. Leo yule dada ana makala kumi na saba.

Tena hakugusa kipanya cha mgeni hata siku moja. Mgeni akipotea njia, Mama Uliza aliiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, akaelekeza kwa kidevu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alilitoa siku ya kwanza. Alikuwa na daftari la jalada la kijani. Kila asubuhi alisoma makala, na akiona kosa dogo hakulisahihisha. Aliliandika daftarini amwekee mgeni ajaye, apate pa kuanzia. Wakongwe wa kamusi walipomgundua walimjia juu, umeona kosa unaliachaje? Wakataka aondolewe kwenye kazi ya kupokea wageni. Aliwajibu kwamba kosa la kuumiza mtu, kama la dawa au la kuchafua jina, analiondoa dakika ileile. Mengine yanangoja siku saba, na mgeni asipotokea anayaondoa mwenyewe. Halafu akawawekea orodha ya watu mia mbili na sita walioanza na kosa la daftarini na mpaka leo wanaandika. Wakamwachia kazi yake.

Sasa niseme langu, maana bila mimi wasifu huu hautimii. Mimi ndiye niliyekamata kosa kubwa kuliko yote katika kamusi ile. Makala ilisema randa ni kifaa cha kutobolea mbao. Kutobolea! Wasomi wote walipita pale wasione. Nilikuja kukaza skrubu ya kiti cha Mama Uliza, nikaliona kwenye kompyuta yake, nikawaka. Akanipisha. Nilipokwisha kuandika ukweli, kwamba randa ni ya kulainishia mbao, akadai chanzo, yaani kitabu cha kuthibitisha. Nikamwambia chanzo ni mimi, miaka arobaini randa mkononi. Akasema, "Sawa, mzee. Tukishakuzika, tukufungue ukurasa wa ngapi?" Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikakipata kitabu, rafu ya pili kutoka chini, nikaandika na ukurasa wake. Habari hiyo nimeisimulia kwenye harusi tatu na msiba mmoja.

Jumatatu iliyopita mkuu wa maktaba alinipa karatasi. Mama Uliza akiondoka hakuna wa kushika nafasi yake, meza ifunguliwe, kona iwe stoo. Nikaenda na bisibisi. Mama Uliza alikuwa anatoa vitu kwenye droo. Akanipa daftari la kijani, akasema, "Shika, fundi. Ila usilisome umesimama."

Mimi siambiwi. Nikalisoma nimesimama. Ukurasa wa tisa umeandikwa: "Randa, wamesema ya kutobolea. Aachiwe fundi wetu. Anajua, ila haulizi." Pembeni, kwa wino mwingine: "Siku ya 19. Amekuja."

Siku kumi na tisa, na sheria yake ni saba! Na ile skrubu ya kiti, sasa nakumbuka vizuri, haikulegea. Ililegezwa.

Ikabidi nikae. Kisha nikatia bisibisi mfukoni, nikapanda kwa mkuu kumwambia meza ile haing'oki, nitaikalia mimi. Akasema, "Wewe mzee utatufukuzia wageni." Nikamwambia anijaribu. Kanipa miezi mitatu.

Jumanne niliona kosa kwenye makala ya nyundo. Vidole viliniwasha, lakini nililiandika daftarini nikaliacha. Jana akaja mgeni wangu wa kwanza, mke wa fundi bomba, akasimama mlangoni akijikuna kichwa. Nikamwambia lile neno moja. Akaketi, akasoma makala ya nyundo, akaruka kitini akipiga kelele kwamba amelikamata kosa yeye mwenyewe, wasomi wote hawakuliona. Nilikuwa nimekalia mikono.

Mama Uliza, sote hapa tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne, na mimi peke yangu nakushukuru kwa zile siku kumi na mbili za ziada. Nenda kapumzike kwa afya na amani, na wajukuu wasichoke kukuuliza.