Msimkalishe Baba Yenu

Sogeeni karibu, wanangu. Patriki, funga hilo dirisha, upepo wa huku Tumati hauna huruma na mgonjwa. Evaline, acha kunishika mkono hapo kwenye mshipa kila baada ya muda. Najua wewe ni nesi, lakini leo nataka unisikilize kama binti yangu, si kama mtu aliyeingia zamu. Theodory, vuta kigoda ukae mahali nitakapouona uso wako. Na wewe mzee, Margwe, baba wa hawa, kaa hapo hapo miguuni pangu na usijibu neno mpaka nimalize, maana nakujua, ukianza kuongea wewe mimi nitaondoka kabla sijapata nafasi.

Ndiyo, chekeni. Sikuwaita mje mlie. Kulia mtalia, siwakatazi, lakini mngoje kwanza.

Moyo wangu umechoka. Daktari aliniambia wazi, nami nilimshukuru, kwa sababu mtu mzima akifichwa habari zake mwenyewe anageuzwa mtoto. Sina kinyongo na Mungu. Nimezeeka kwa raha, nimelima mpaka msimu uliopita, nimeimba kanisani mpaka sauti ikawa kama ya mbuzi na bado hawakunitoa kwaya, na meno niliyobaki nayo yametosha kwa makande. Kinachonisumbua ni neno moja nililolisikia jana mchana. Mlikuwa nyuma ya nyumba, Theodory na Patriki, mkidhani nimelala. Masikio yangu bado mazima. Nilimsikia Theodory akisema, "Mama akishaondoka, mzee tunampeleka kwangu Katesh, ng'ombe tunagawana, hapa hawezi kubaki peke yake." Naye Patriki akanyamaza kimya kama kawaida yake akiwa hakubaliani na kaka yake.

Sikukasirika. Nilijua ni upendo unaosema. Lakini upendo wa namna hiyo ulishawahi kutuingiza mimi na baba yenu kwenye gari, ukatupeleka Katesh, na nusura utumalize. Nyinyi mnaikumbuka habari ile kwa upande wenu. Leo isikilizeni kwa upande wetu, kisha nitasema ninachotaka.

Mnakumbuka ulikuwa wakati ule mkoa wetu wa Manyara ndiyo umekatwa kutoka Arusha, biashara zimefunguka, na Theodory amefungua duka la mabati na misumari pale Katesh, kila mtu anajenga. Mvua zilikuwa kubwa. Baba yenu alitoka kukata majani ya ng'ombe kule kwenye matuta ya juu, akateleza na mzigo kichwani, akaangukia nyonga. Alilazwa hospitali mpaka mfupa ukashika. Siku ya kutoka, Theodory alikuja na gari, akasema, "Mama, mmefanya kazi vya kutosha. Sasa ni zamu yetu. Twendeni mkapumzike." Nilifurahi, sitawadanganya. Mimi niliyebeba maji tangu nikiwa msichana, leo nifungue bomba yatoke yenyewe! Nilipanda gari lile bila hata kuaga jirani vizuri.

Nyumba ya Theodory ilikuwa nzuri, na mkewe Erica alitutunza kama mayai. Tulipewa chumba chenye godoro nene, televisheni, chai ya maziwa na sukari wakati wowote, viazi vya kukaanga, soda tukitaka. Kulikuwa na kochi moja, mtu akikaa linammeza. Wiki za mwanzo nililipenda kochi lile kuliko kitanda changu. Halafu siku moja nikataka kusimama nikashindwa. Magoti yalikataa. Binti wa kazi akanivuta mikono miwili, naye akavuta kwa adabu, "Pole bibi, pole bibi," na mimi nikawaza, huyu Fabiola aliyekuwa akipanda mlima na debe la mahindi kichwani amekwenda wapi? Evaline, ulipokuja kunipima ukakuta presha imepanda na sukari nayo inanyemelea. Ukaniambia, mwanangu, "Mama, punguza chumvi, punguza sukari, tembea." Nikakujibu, "Nitembee niende wapi? Kutoka kochini mpaka mezani?"

Lakini mimi nilikuwa afadhali. Baba yenu alikuwa akiisha. Mfupa ulishapona, fimbo alikuwa nayo, lakini kila alichoshika alinyang'anywa. Akishika fagio afagie uani, binti wa kazi analichukua mbio. Akiomba jembe apalilie maua ya Erica, Erica anapiga magoti kabisa, "Baba, tafadhali, watu wakikuona unalima watatusemaje?" Akitaka kwenda dukani kumsaidia Theodory kupanga misumari, anaambiwa atachoka. Basi akawa anakaa getini tangu asubuhi, anatazama Mlima Hanang unavyovaa na kuvua mawingu. Kwanza aliacha kusimulia. Kisha akaacha kuchana nywele. Kisha akaacha kuuliza habari za ng'ombe wake, na hapo ndipo mimi niliogopa, kwa sababu Margwe asiyeuliza ng'ombe wake ni Margwe ambaye ameshaanza kuondoka. Kuinuka kwenye kiti alihitaji watu wawili. Mlisema ni uzee. Mimi pia nilianza kusema ni uzee.

Siku ya mnada alitoweka. Geti lilikuwa wazi kwa sababu ya fundi, na kiti chake kilikuwa kitupu. Theodory ulifunga duka, Erica akaacha chakula jikoni, tukazunguka mji mzima tukiuliza, "Mmemwona mzee mwenye koti la kijivu?" Tulimkuta mnadani, upande wa ng'ombe. Bado naiona picha ile. Alikuwa amevua koti. Ameshika kamba ya dume moja kubwa la mtu asiyemfahamu, limetanua pua, watu wamerudi nyuma, yeye anaongea nalo kwa Kiiraqw, taratibu, mpaka likashusha kichwa. Suruali imejaa kinyesi cha ng'ombe mpaka magotini. Fimbo yake ilikuwa imelala chini, mbali kabisa, na hakuna aliyekuwa amemshika. Wachuuzi wakacheka, naye akacheka. Wanangu, ilikuwa imepita miezi sijasikia kicheko kile.

Theodory, ulikimbia ukamshika mkono, ukamwambia mbele ya watu, "Baba, unataka kutuua kwa wasiwasi?" Nikauona uso wake unavyozimika. Aliokota fimbo yake, tukarudi nyumbani. Kesho yake ukaweka kufuli getini. Ulimwekea kwa upendo, najua, na funguo akapewa binti wa kazi. Lakini zizini kwetu kufuli huwekewa mnyama anayeibwa au anayetoroka, na nikajiuliza sisi ni wa aina ipi.

Jibu nililipata Jumapili iliyofuata. Nilimwamsha mzee nikamwambia, "Vaa viatu, twende nyumbani." Akanitazama. "Nyumbani wapi?" Nikasema, "Unazo ngapi?" Akainuka, tena akainuka mwenyewe, akishika ukuta. Tukamwambia binti wa kazi tunakwenda misa, akatufungulia. Na kweli tulipita kanisani, tukapiga magoti, tukatoka kabla ya mahubiri, kwa hiyo hatukusema uongo. Mlangoni nilimwachia katekista ujumbe, kwamba akimwona mwanangu amwambie wazazi wako salama, wamekwenda kutazama ng'ombe.

Tulipanda basi mpaka Dareda. Pale tukapata pikapu ya kijana aliyekuwa amepeleka vitunguu saumu vya Bashay na anarudi na magunia matupu. Akamweka mzee mbele, mimi nikakaa nyuma juu ya magunia kama malkia, nanuka vitunguu mpaka roho. Gari likaanza kupanda, baridi ya kwetu ikatupokea usoni, na baba yenu akaanza kunipigia kelele kupitia dirishani, "Fabiola, wamepanda ngano! Fabiola, hawa wameacha matuta yabomoke!" Njia nzima. Dereva alidhani tunagombana. Tulishushwa njia panda, na ile njia ya kuja hapa tuliitembea wenyewe, tukipumzika kila penye kivuli, tukisalimia kila mtu. Patriki, aliyekuwa amebaki na ng'ombe, alipotuona alidondosha ndoo.

Kesho yake Theodory na Evaline mkafika, mmekasirika mpaka hata shikamoo mliisahau. Theodory, ulisimama pale mlangoni ukasema, "Mama, mnataka watu waseme tumewafukuza?" Baba yenu, amekaa juu ya gogo anasuka kamba, akasema bila hata kuinua kichwa, "Waambie tulitoroka." Evaline ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kwa akili yake ya kinesi akaweka masharti: vidonge vya presha nimeze kila siku bila kukosa, kliniki niende, chumvi kidogo, mzee asipande matuta ya juu tena na mizigo abebe Patriki. Tukakubali yote, na tuliyafuata. Msije mkasema mama aliwafundisha kudharau hospitali. Vidonge vile vimenipa miaka, na kazi za mikono na watu wa kucheka nao vimeifanya hiyo miaka iwe mitamu.

Mmeona wenyewe ilivyokuwa baadaye. Baba yenu anachechemea mpaka leo, nyonga haikurudi kama zamani. Lakini ameendelea kutoa ng'ombe asubuhi, amegombana na rafiki yake Hermani kila jioni juu ya habari za redioni, na kwenye harusi ya mtoto wa Patriki alicheza mpaka vijana wakampisha.

Evaline, nipe maji. Kidogo tu. Hapo.

Sasa sikilizeni ninayoyataka, kwa sababu pumzi inanikimbia. Tuliyapanga na baba yenu, naye yupo hapa, kama nakosea atatikisa kichwa. Shamba la juu ni la Patriki, amelitunza. Shamba la chini, lile la karibu na mto, ni la Evaline. Msimwambie ameolewa, jasho lake alilitoa kama nyinyi tangu akiwa mdogo, na siku akistaafu atataka mahali pa kupanda mboga zake. Theodory, wewe utapata ile sehemu tambarare kando ya nyumba hii. Usinitazame hivyo. Najua una nyumba Katesh. Lakini juzi umepanda kilima hiki umefika unahema kuliko baba yako, na hilo tumbo linakutangulia kuingia mlangoni. Nawe unazeeka, mwanangu. Jenga chumba hapo, uwe unakuja kushika jembe kabla hujashikwa na kochi.

Ng'ombe hawagawanywi. Ni wa baba yenu mpaka na yeye aondoke. Msimhamishe, msimkalishe. Akitaka kufagia, mwacheni afagie hata kama anaacha taka. Akichelewa kurudi, mtafuteni kimya kimya, na mkimkuta msimkaripie mbele ya watu. Mleteeni wajukuu wakae naye, si wa kumlinda, ni wa kumchosha kwa maswali. Hermani apewe chai kila akija, hata kama haondoki. Na sufuria kubwa pale jikoni ni ya jirani yetu Marieta, mrudishieni, amekuwa na subira.

Na jambo hili msinikatize. Baba yenu akipata mtu wa kunywa naye chai, mama mwenye heshima zake, msimwonee haya wala msimuulize umri wake. Nyamaza, mzee, nilisema usijibu. Unaona haya nini mbele ya watoto? Mtu anazeeka haraka akikosa wa kumwambia ameota nini usiku.

Theodory. Inua uso, mwanangu, nikuone. Usifute, machozi hayana ubaya. Umesemaje? Sema kwa nguvu, masikio mazima lakini moyo unapiga kelele. Unasema atabaki. Mwambie yeye, usiniambie mimi. Haya. Nimesikia. "Baba, utabaki kwako, mimi ndiye nitakayekuja." Patriki umesikia, Evaline umesikia. Mzee, sasa jibu. Kumbe leo ndiyo huna la kusema.

Ngoja nipumue.

Niwekeeni mikono yenu hapa, yote. Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape magoti yanayokunjuka asubuhi. Awape meno, na cha kutafuna. Mkizeeka, mzeeke mkiwa na kazi mkononi na mtu wa kumtania. Msilale na ugomvi... mkilala nao, kesho asubuhi umalizeni kabla ya chai. Watoto wenu wawasikilize kama mlivyonisikiliza leo. Theodory nakubariki. Evaline... nakubariki, mikono yako imenitunza. Patriki, wewe uliyenyamaza miaka yote, nakubariki, na uanze kusema.

Margwe. Wewe... tulishaongea.

Basi. Nimechoka, nataka kulala kidogo. Msinizunguke hivyo, mnamaliza hewa. Nasikia ng'ombe wanalia, hawajanywa maji tangu asubuhi kwa sababu yangu. Theodory, vua hivyo viatu vya mjini. Nenda na baba yako mtoni. Usimshike mkono... tembea naye tu, pole pole, kwa mwendo wake. Evaline abaki.

Fungua tena dirisha, mwanangu. Nataka niwasikie wakishuka.